Kupanda Mabua Makavu Jangwani

Reli ya kutoka Baotou kwenda Lanzhou, kaskazini mwa China, ilianza kupitisha treni mwaka 1958, na mpaka leo haijafukiwa. Ukifika Shapotou ukatazama upande wa kaskazini ndipo utajua kwa nini hilo ni jambo la kusimuliwa. Jangwa la Tengger linaishia pale pale. Vilima vya mchanga vimesukumana hadi ukingoni, na chini yake unapita Mto Huang He, mpana na wa tope. Upepo mkuu hutoka kaskazini-magharibi. Kwa hesabu ya kawaida, mchanga ulipaswa uwe umeshavuka reli na kumwagikia mtoni miaka mingi iliyopita.

Kilichouzuia ni mabua ya ngano. Yamechomekwa mchangani kwa mistari inayokatizana, kila mraba una upande wa mita 1, miraba hiyo ikafuata mgongo wa kilima na kushuka upande wa pili mpaka macho yanachoka. Pembezoni mwa reli ukanda wa kinga una upana wa mita 500 hivi upande unaotoka upepo, na mita 200 upande wa pili. Sehemu kubwa ilifanywa kwa mikono.

Mimi nimesomea zana za kilimo, na maisha yangu yote nimekuwa karibu na mashine za kupanda vitu vinavyotarajiwa kuota. Niliposikia kwamba kuna watu wanahangaika kutengeneza mashine ya kupanda kitu kilichokwisha kufa, nikaona hii lazima nikaione mwenyewe.

Kutoka Yinchuan, makao makuu ya mkoa wa Ningxia, nilipanda treni ya kasi hadi mji wa Zhongwei, ulio jirani na Shapotou. Safari ni ya kustarehesha na haina mengi ya kueleza: mashamba ya mpunga na mahindi yanayomwagiliwa kwa maji ya Huang He upande mmoja, milima mikavu upande mwingine. Stesheni nilipokewa na kijana wa Singida anayesomea mitambo ya kilimo katika chuo kimoja cha huko. Aliinama kidogo, akasema, "Shikamoo mzee, pole na safari," na mimi nikajisikia nimefika nyumbani kwa muda wa kuitikia marahaba. Kichina anakizungumza kwa haraka ya kunitisha.

Ningxia ni mkoa wa Wahui, ambao wengi wao ni Waislamu. Mgahawa tulioingia mchana ule ulikuwa na maandishi ya Kiarabu juu ya mlango, na salamu yangu ya "Assalaamu alaykum" ilimfanya mwenye mgahawa aache bakuli alilokuwa analifuta na kuja kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Nyama ya kondoo ilikuwa laini, tambi zilikuwa nyingi kupita uwezo wangu, na chai ililetwa katika kikombe chenye mfuniko, ndani yake mna tende za kichina, sukari ya mawe na yale matunda madogo mekundu ya goji yanayolimwa Zhongning, wilaya jirani. Unakunywa ukizuia vitu hivyo kwa mfuniko. Kijana alinifundisha, na bado goji mbili zikanikwama kooni.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwenye vilima. Si ile sehemu ya watalii, ambako watu hupanda ngamia, huteleza mchangani kwa vibao na kuvuka mto wakining'inia kwenye waya. Tulizunguka kwa gari hadi mahali ambapo mchanga ulikuwa bado mtupu, na kikundi cha wafanyakazi, wengi wao wanawake wa makamo waliojifunga mitandio usoni hadi macho tu yakabaki, walikuwa wanasonga mbele kwa mistari.

Kazi yenyewe ni hivi. Mtu mmoja anatangulia na kitita cha mabua kwapani, anayalaza juu ya mchanga kwa tabaka jembamba, yakiwa yamekatiza mstari uliochorwa. Mabua yamenyunyiziwa maji kidogo ili yasivunjike. Mwingine anamfuata na sepetu yenye ncha bapa. Anaiweka katikati ya mabua, anakanyaga, na sepetu inazama kama sentimita 15 au zaidi ikiyasukuma mabua chini kwa katikati yake. Ncha mbili za kila bua zinainuka na kusimama wima, moja huku na moja huku. Kisha, kwa ubavu wa kiatu, anasukumia mchanga pande zote mbili na kuukandamiza. Hatua inayofuata. Nilimtazama mama mmoja kwa muda mrefu. Mguu wake wa kulia ulikuwa unafanya mambo matatu: unazamisha, unasukuma mchanga, unakandamiza. Na kila sepetu ilipogonga mahali penye mchanga mkavu zaidi, aliongeza uzito bila hata kuangalia.

Nilimwomba sepetu. Kijana alimwita "mama" na kuniombea ruhusa, wenzake wakacheka kabla sijaanza. Mabua yangu yalisimama, lakini mstari wangu ulikuwa na mapengo, naye alipita nyuma yangu akiyaziba kimya kimya.

Hesabu ya kazi hii inatisha. Katika hekta 1 ya miraba ya mita 1 kuna mita 20,000 za mistari: elfu kumi za kwenda na elfu kumi za kukatiza. Ikiwa sepetu ina upana wa sentimita 20, ni kukanyaga mara 100,000 kwa hekta. Mabua yanayotumika ni kama tani 6, na yote lazima yafikishwe juu ya vilima ambako lori haliendi. Na baada ya miaka mitatu hadi mitano mabua yanaoza, na mahali ambapo mimea haijashika, kazi inaanza upya.

Inasimuliwa kwamba miraba ilipatikana kwa kubahatisha baada ya njia nyingine kushindwa. Miaka ya 1950, wakati reli inapimwa, wataalamu wa Chuo cha Sayansi cha China waliweka kituo cha utafiti Shapotou. Walijaribu kutandaza kokoto, wakajaribu kumwaga lami, wakasimamisha uzio wa mbao. Mabua yalijaribiwa kwa maumbo mbalimbali, na mraba wa mita 1 ndio uliostahimili. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa ulipoitisha Nairobi mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu kuenea kwa jangwa, ujuzi wa namna hii ndio uliokuwa mezani; na mwaka 1994 Shapotou ikaingizwa katika orodha ya heshima ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja huo, lenye makao yake hapo hapo Nairobi.

Siri ya mraba ni kwamba mchanga hausafiri angani. Vumbi ndilo linalopaa. Punje ya mchanga huruka, huanguka, hugonga nyingine nayo ikaruka, na sehemu kubwa kabisa ya msafara huo hupita chini ya goti. Ralph Bagnold, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyezunguka majangwa ya Misri na Libya kwa gari, alilieleza hilo kwa vipimo katika kitabu chake cha mwaka 1941. Kwa hiyo huhitaji ukuta. Mabua yanayojitokeza sentimita 15 hadi 20 yanatosha kuuvunja mwendo wa upepo pale unapobeba mzigo. Ndani ya mraba upepo unachimba kidogo katikati, mchanga unapanda kwenye kingo, na ukishafikia kina cha karibu moja ya kumi ya upana, uchimbaji unasimama. Ukipanua miraba, upepo unafika chini katikati na kuyang'oa mabua. Ukiibana, unapoteza mabua bure. Mistari ya upande mmoja pekee ingetosha kama upepo ungekuwa na adabu ya kuvuma kutoka upande mmoja daima.

Mchanga ukitulia, vumbi laini linashuka na kukaa. Shapotou hupata mvua isiyofika milimita 200 kwa mwaka. Dodoma, tunayoilalamikia ukame, hupata karibu mara tatu yake. Lakini hiyo kidogo inatosha vichaka vya huko, Artemisia na Caragana, vilivyopandwa ndani ya miraba. Baada ya miaka mingi juu ya mchanga hutanda gamba jeusi la mwani, kuvu na mimea midogo. Niliwekewa kipande cha gamba hilo kiganjani. Lilikuwa gumu juu, na chini yake kumeshikamana punje za mchanga kwa nyuzi nyembamba zisizoonekana mpaka ulielekeze kwenye jua.

Sasa kwa nini mashine? Kwa sababu eneo limekuwa kubwa kuliko watu. Reli ya Hotan hadi Ruoqiang, kusini mwa Jangwa la Taklamakan, ilifunguliwa mwaka 2022 ikiwa na urefu wa kilomita 825, na sehemu zake nyingi zinalindwa kwa miraba. Mwezi Novemba 2024 China ilitangaza kwamba ukanda wa kijani wa kulizunguka Taklamakan lote, kilomita 3,046, umefungwa. Huku vijana wa vijijini wanahamia mijini, na wale akina mama niliowaona hawana warithi. Mmoja alituambia binti yake anauza simu Yinchuan, na hajawahi kushika sepetu.

Mchana tulikwenda kwenye karakana nje ya mji. Injinia wake, mtu wa miaka hamsini hivi ambaye kijana humwita "mwalimu", alitupokea akiwa na grisi hadi kwenye viwiko, akafuta mkono kwenye suruali na kunipa. Uani palikuwa na mashine zilizokaa kwa miaka tofauti, na ukizitembelea kwa mpangilio unasoma mawazo ya watu waliozibuni.

Ya zamani zaidi ilikuwa imejaribu kumwiga yule mama mwenye sepetu. Mistari ya urefu haikuwa tabu. Trekta inakwenda mbele, mabua yanashuka kutoka kwenye kisanduku na kulala yakikatiza njia, sahani ya chuma inapita juu yake na kuyazamisha kwa katikati, na nyuma yake magurudumu mawili yaliyoinamiana yanasukuma mchanga kwenye shina. Kwa mtu aliyewahi kufunga planta ya mahindi, ni mambo anayoyajua. Tofauti ni kwamba sahani haina makali. Ile ya jembe letu ingeyakata mabua vipande viwili, na bua lililokatwa halisimami.

Kimbembe ni mistari ya kukatiza. Kila mmoja lazima uzame wote kwa mpigo mmoja, upana mzima wa mashine, wakati trekta iko kwenye mwendo. Ukishusha ubapa mrefu ardhini huku trekta inatembea, ubapa unaburuta mchanga na kubomoa ulichokwisha kujenga. Unaweza kusimama kila baada ya mita 1. Kwa mashine ya upana wa mita 4, hiyo ni kusimama mara 2,500 kwa hekta, na trekta inayosimama juu ya mchanga laini hujichimbia kaburi. Njia ya pili ni fremu inayoteleza kurudi nyuma kwa kasi ile ile ambayo trekta inakwenda mbele, ili kwa sekunde chache ubapa uwe umetulia palepale ukizama na kuinuka, halafu fremu irudi mbele upesi kusubiri mstari unaofuata. Injinia alituwashia. Mipini ya haidroliki ilisukuma, fremu ikateleza nyuma, ubapa ukashuka. Haukuwa ubapa mmoja: ulikatwa vipande vyenye nafasi kati yao ili usiiponde mistari ya urefu iliyokwisha kusimama. Kazi safi kabisa. Nilipiga makofi.

"Imefanya kazi wapi?" kijana alimuuliza.

"Hapa uani," alijibu.

Kisha akaanza kutuhesabia maadui. Mchanga unaingia kwenye beringi na kwenye reli za kuteleza, na grisi inaugeuza kuwa msasa. Upande wa kilima unaotazamana na upepo mashine inaupanda, lakini upande wa nyuma, ambako mchanga umejimwaga kwa mwinamo wa nyuzi 33 hivi, hata katapila hukataa. Na adui mkubwa kuliko wote alikuwa bua lenyewe.

Alituletea mafungu mawili. La kwanza lilikuwa ngano iliyovunwa kwa mundu: mabua marefu, yamenyooka, yamelala upande mmoja. La pili lilitoka kwenye kombaini. Yalikuwa vipande, vingine vimepondwa, vingine vina urefu wa kidole, vyote vimesokotana. Kombaini imetengenezwa kwa ajili ya nafaka. Bua kwake ni taka ya kutupa nyuma haraka. Fungu kama hilo ukilitia kwenye kisanduku, linashuka kwa madonge: hapa rundo, pale patupu. Sepetu ya yule mama ina mtu nyuma yake wa kuziba pengo. Mashine inaendelea mbele na pengo lake, na usiku wa upepo pengo moja linatosha kuufungulia mchanga njia. Nilivyoona mimi, matatizo ya kilimani yalikuwa yameanzia shambani, miezi kadhaa kabla, kwa mtu anayevuna ambaye hajui kabisa kuhusu reli.

Mashine ya mwisho uani ndiyo iliyonikalisha. Haikuwa na ubapa wala fremu ya kuteleza. Ilikuwa fupi, imefungwa sakafuni, na ilikuwa inasokota. Mabua yanaingia upande mmoja, nyuzi mbili zinayabana katikati na kuzungushwa, na upande wa pili inatoka kamba ndefu yenye mabua yaliyochomoza kila upande, mfano wa brashi ya kusafishia chupa. Kamba inakunjwa kuwa mzingo, inapelekwa kilimani, inakunjuliwa na kuzamishwa. Zhongwei sasa wanaitumia kamba ya namna hii, na wanaoitumia wanasema hudumu kuliko mabua yaliyochomekwa moja moja, kwa sababu upepo ukitaka kung'oa bua moja lazima uvute na majirani zake wote.

Nilikaa juu ya mzingo mmoja na kuwaza. Watu wale walikuwa wamejitahidi miaka mingi kuifundisha mashine ustadi wa mguu wa binadamu juu ya mchanga unaoteleza. Halafu mtu mmoja akaamua kazi ngumu ifanyike chini ya paa, kwenye sakafu ya saruji, karibu na umeme na spana, na kilimani ibaki kazi nyepesi ya kukunjua na kukandamiza. Mabua mafupi ya kombaini yanachanganywa na marefu, msokotaji anaona donge na kulitoa kwa mkono kabla halijawa pengo. Mistari ya kukatiza haina tena haja ya fremu ya haidroliki. Unailaza kamba ya pili juu ya ya kwanza. Kwa maoni yangu hii ndiyo mashine bora uani pale, ingawa ukizipiga picha zote pamoja ndiyo isiyovutia hata kidogo. Ile ya fremu, nilidokezwa, huletwa mbele wageni wakubwa wanapotembelea.

Hata hivyo kilimani bado kuna watu. Kamba nayo inahitaji kuzamishwa, na kwenye miinamo mikali hakuna kinachoshinda sepetu. Kiongozi wa kikundi alituambia haogopi mashine kumnyang'anya kazi. Anachotaka ni mtu wa kumfikishia mizigo juu, maana mgongo wake umechoka kubeba kuliko kukanyaga. Injinia alisikia ujumbe huo kwa kijana na kuuandika kwenye daftari. Sijui kama yeye na kiongozi yule walishawahi kukaa pamoja.

Kwetu, mashine hii ingekutana na mshindani ambaye hayumo katika hesabu za Ningxia: ng'ombe. Dodoma na Singida mabua hayabaki shambani yakisubiri kazi. Mifugo inaingia mara tu mahindi au mtama ukitoka, na mwenye shamba anajua bei yake. Kijana alimweleza injinia hivyo. Injinia akauliza je, kuna bua lolote ambalo ng'ombe wenu hawali? Tukafikiri. Kijana akasema, "Mzee, mkonge je?" Nikamwambia mkonge si bua. Lakini injinia alikuwa ameshashika jambo lingine. Alivuta uzi kutoka kwenye kamba ya brashi, uzi wa plastiki wa rangi ya bluu, akaukata na kututupia.

Huo ndio unaomkera, alisema. Mabua yataoza, gamba litatanda, vichaka vitaota, na uzi wa plastiki utabaki mchangani ukikatikakatika kwa jua. Kijana akamweleza kwamba duniani kote marobota ya nyasi yamefungwa kwa uzi wa mkonge tangu zamani, kwamba mkonge wa Tanga unauzwa China kila mwaka, na kwamba huenda uko kwenye ghala la mji wa jirani hivi tunavyozungumza. Injinia alitaka kujua vitu vitatu: unene, nguvu ya kuvuta ukiwa mkavu, na unakaa miaka mingapi chini ya mchanga wenye milimita 180 za mvua. Mawili ya kwanza kijana aliyapata kwenye simu papo hapo. La tatu halikuwepo, kwa hiyo wakakubaliana wasokote mita 50 za mkonge na mita 50 za plastiki, wazizike sambamba juu ya kilima kile kile kabla ya pepo za masika, na kijana atakuwa anakwenda kuzivuta kwa mizani kila mwisho wa muhula. Bei ya robota la uzi hawakuwa wameelewana nilipoondoka. Injinia aliona ni ghali, na kijana wa Singida alikuwa anaitetea kana kwamba shamba la mkonge ni la baba yake.